Maji ya Tangi la Akiba

Mimi ni mwashi, na mwashi ana wivu na sakafu yake. Niambie sijui kuvaa, nitacheka. Niambie sakafu yangu ina mawimbi, siku hiyo hatutaongea tena. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba nilichofanya pale kituo cha zimamoto nilikifanya kwa kukosa akili. Nilikifanya kwa kupenda sakafu.

Kazi ilikuwa kukarabati kituo kidogo hapa mjini Morogoro, nacho kikiendelea na shughuli zake. Gari lilitolewa bandani likaegeshwa uani chini ya turubai, nasi tukavunja sakafu ya zamani iliyochoshwa na mafuta na uzito. King'ora kikilia, kila mtu anaweka chini alichoshika na kuondoka njiani. Mkuu wa kituo, mama wa makamo tuliyemwita Afande, alitupa sheria mbili siku ya kwanza. Njia ya gari isiwekwe hata ndoo. Na maji ya tangi la ardhini, ambayo hujazwa garini, yasiguswe na mtu. "Akiba haiozi, fundi," aliniambia, na kila asubuhi alipima kina cha tangi kwa ufito na kuandika kwenye daftari.

Mkataba nao ulikuwa na masharti yake. Vibarua wote watoke mtaa uleule, chakula kipikwe na mama lishe wa palepale, na nje ya ukuta tuweke bomba la maji la wananchi. Nilinuna. Nilikuwa na watu wangu wa mtaa wa Mafiga, tumefanya kazi pamoja miaka, halafu naletewa watu wasiojua hata kushika mwiko. Niliwaita watalii. Wao walicheka tu, jambo lililozidi kuniudhi.

Mama lishe alikuwa mjane aliyeshuka zamani kutoka milimani Uluguru. Banda lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, likitazamana na lango letu. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akiitikia marahaba mwanangu, kisha ananiuliza bomba limefika wapi. Maji aliyachota mbali, ndoo kwa ndoo, kichwani, na goti lake moja lilikuwa limeanza kugoma. Nilimjibu kwamba sakafu kwanza.

Tulimwaga zege, nikalilainisha kwa mkono wangu mwenyewe. Zege changa lazima limwagiliwe siku saba, asubuhi na jioni, la sivyo linapasuka. Siku ya tatu maji ya mjini yakakatika. Mabomba yalikohoa hewa, jua likawaka lile jua letu la kabla ya mvua, na kufikia mchana magunia niliyofunikia sakafu yalikuwa yamekauka kabisa.

Watu walipokwenda kula, nilifunua tangi. Nilianza na ndoo moja. Nikatoa ya pili. Kisha nikachukua mpira na pampu yetu ndogo, nikamwagilia mpaka sakafu ikang'aa na tangi likakaribia kukauka. Nilijiambia kuwa maji yatarudi jioni, na tangi litajaa kabla ya ufito wa asubuhi.

Alasiri ileile king'ora kililia. Moshi tuliuona wenyewe, nyuma ya banda la mama lishe, uchochoro wa pili. Ilikuwa nyumba yake. Gari lilitoka na maji liliyokuwa nayo, likauzima moto wa mbele, likarudi kujaza. Pampu ilinyonya kidogo, kisha ikavuta hewa. Nilisimama na koleo mkononi nikiusikiliza ule mlio, na nilitamani ardhi inimeze.

Watalii wangu hawakusimama. Walijua nani ana pipa, nani ana ndoo uvunguni, na uchochoro upi unapitika. Mtaa mzima ulikuwa umejiwekea maji kidogo kwa sababu maji yamekatika, na mtaa mzima uliyatoa. Nami niliingia kwenye mstari. Nilipokea madumu, nikapokea ndoo zenye vifuniko, nikapokea hata sufuria la maji ya kunywa yaliyochemshwa, bado yana uvuguvugu. Hakuna aliyeumia. Chumba cha nyuma ndicho kilichoungua, na humo ndimo mama alimoweka vyombo vyake vya biashara. Sufuria zake kubwa za alumini ziliyeyuka zikaganda sakafuni kama uji.

Jioni Afande alinijia na daftari. "Asubuhi nilipima mwenyewe, fundi."

"Labda linavuja," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliitembea siku mbili. Afande aliagiza tangi likaguliwe, huku gari likiletewa maji kutoka mbali. Vibarua waliingia mle ndani na taa, wakagonga plasta shubiri kwa shubiri, wakitafuta ufa niliojua haupo. Mimi ndiye niliyewaonyesha pa kugonga. Mmoja wao alitoka, akajipangusa vumbi usoni, akanitazama.

"Fundi, humu hakuna ufa," alisema, kwa upole ambao sikuustahili.

Nilimwambia akagonge tena. Nikiikumbuka dakika ile najichukia mpaka leo.

Siku ya pili mchana mama lishe alileta chakula alichopika kwa sufuria la kuazima. Aliweka sahani mbele yangu, akanishukuru kwa kubeba ndoo siku ya moto. Nililirudisha tonge kwenye sahani.

"Mama," nikamwambia, "maji ya tangi niliyachukua mimi. Niliyamwagia sakafu."

Hakushtuka. Alikaa juu ya tofali, akalinyoosha goti lake bovu.

"Nilikuona," alisema. "Banda langu linatazama lango. Nilikuona na mpira wako, nikasema moyoni, huyu ameomba. Mtu mzima hachukui maji ya watu bila kuomba."

"Sikuomba."

"Sasa najua. Walipoanza kutafuta ufa nilishuku, na siku mbili nangoja useme." Kisha akaivuta sahani upande wake. "Nenda kwa Afande. Ukirudi utakula."

Nilikwenda. Afande hakunifokea, na ningefurahi angenifokea. Alifungua daftari, akanipa kalamu, nikaandika kwa mkono wangu nilichochukua na nilikokipeleka. Akaniagiza niwatoe watu tangini na niwaeleze mwenyewe, halafu bomba la nje liishe kabla sijagusa kitu kingine. Kuwaeleza vibarua kulikuwa kugumu kuliko daftari. Walisikiliza, kisha yule aliyeniambia hakuna ufa akaokota jembe. "Basi tukachimbe mtaro wa bomba," alisema. Sijawaita watalii tena.

Sakafu ilipasuka, kwani baada ya hapo halikupatikana tone la kuimwagilia. Nyufa ni nyembamba na nimeziziba, gari linapita bila shida, lakini jicho la mwashi linaziona. Chumba cha mama tulikijenga upya siku za Jumapili, mimi na vibarua. Sufuria nilimnunulia mpya. Alizigonga kwanza kwa kidole kuona kama ni nzito.

Bomba lipo nje ya ukuta, hatua chache kutoka bandani kwake, na ufunguo wake anautunza yeye. Nikipita na kiu, hunijazia kikombe, hukishikilia mkononi, na mbele ya foleni nzima huniuliza, "Umeomba?"

"Naomba maji, mama," nami humjibu, ndipo hunipa.