Bi Mkubwa wa Kompyuta

Jamani, mdomo wangu huu ulistahili kushonwa kwa uzi wa gunia.

Natunza kompyuta za shule moja hapa Songea. Tukisasisha mfumo huja keneli mpya, yaani moyo unaoiendesha mashine, yenye namba badala ya jina, na ile ya zamani tunaiacha kwanza, maana mpya inaweza kugoma. Mwenzangu wa Tunduru alikuwa anazichanganya, nikamrahisishia: ya zamani tuiite bi mkubwa, mpya bi mdogo. Nikajiona mwalimu kwelikweli.

Jumamosi akanipigia. Nikatoka uani, nikapaza sauti kama mnadi wa mitumba: "Bi mdogo ameshaingia? Safi! Bi mkubwa usimfukuze leo. Huyu mpya akileta vituko, tunarudi kwa mkubwa kimyakimya. Akitulia, yule mzee tunamfuta."

Kugeuka, mama mkwe huyu hapa, kafika kutoka Peramiho na kikapu cha maharage. Nikaamkia harakaharaka. Kwa heshima ya ukwe huwa hanitazami usoni. Siku hiyo alinitazama. Nyuma yake alisimama mke wangu na mwiko mkononi, midomo ikimtetemeka.

"Mkwe," mama akauliza taratibu, "huyo bi mdogo anaitwa nani?"

"Sita nukta nane, mama."

Mke wangu akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Nikaeleza yote huku jasho likinitiririka. Mama akasikiliza, akatua kikapu, akageuza tena macho pembeni kama desturi yetu.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini huyo mkubwa usimfute."