Sauti Iliyosikika Birere

Lava ya volkano ilikula nyumba yangu ya kwanza pamoja na picha zote za bibi yangu, mama ya watoto wangu. Miaka ikapita, waasi wakaingia muji, na homa ikamuchukua yeye mwenyewe, sababu hospitali ilijaa watu waliopigwa risasi. Sauti yake ilibaki kwenye kompyuta yangu tu, katika video moja ya jikoni.

Siku umeme uliporudi mtaani kwetu Keshero, ulirudi na nguvu mbaya. Kompyuta iliwaka, lakini sauti hapana. Nilimuona bibi yangu akisema, lakini mimi sisikii kitu.

Nikaibeba mpaka mtaa wa Birere, kwa fundi.

"Muzee, pilote imeharibika," akasema. "Ni programu ndogo inayoongoza sauti. Tufute yote, tuanze upya."

"Mimi sikusoma, lakini kufuta nakujua. Lava ilinifundisha. Usifute kitu!"

Akacheka, akahamisha ile video kwenye mashini yake mwenyewe, akaifungua kwa spika zake kubwa za kuita wateja.

"We papa! Sombe inaungua kwenye sufuria, na wewe unaangalia mashini!"

Ni yeye kabisa, na ugomvi wake.

Nje palikuwa na mama muuza tomati, aliyezoea kumuuzia bibi yangu. Vita ilimukimbiza mbali, alikuwa amerudi juma lile tu. Akapiga makofi.

"Mama, uko humo ndani? Toka tusalimiane! Nimekuchagulia tomati zako, zile ngumu!"

Fundi akazima spika, akaniangalia. Nikatoka mimi, peke yangu.