Siku Nilipomwambia Sista Maumivu Yangu ni Sifuri

Jamani, hili jambo ni la aibu na nilishajiapiza nitakufa nalo, lakini kaka yangu Damasi ameshalitangaza Masasi nzima, mpaka wateja wangu wa kunyoa wanakaa kwenye kiti wananiuliza "vipi, leo ngapi?" halafu wanacheka mpaka nashindwa kushika mashine, kwa hiyo bora nilisimulie mwenyewe, angalau niseme ukweli wote, maana Damasi anaongeza chumvi (na hiyo chumvi tutaifikia).

Ilikuwa siku ya kwenda Newala kujitambulisha na kuposa kwa kina Esta. Esta mnamjua, yule anayeshona pale karibu na stendi, ambaye nimemsumbua miaka hadi akachoka akasema haya, njoo kwetu. Sasa kwetu huku, baba wa binti anapewa shikamoo na kiti kizuri, lakini mwenye neno ni mjomba. Mjomba akikataa, rudi kwenu ukalime. Na mjomba wa Esta, Mjomba Hilari, ni mzee mrefu, hacheki ovyo, anakuangalia kama anayekagua korosho mbovu. Nilikuwa namwogopa hata kabla sijamwona.

Na Mungu naye, katika siku zote, akaniletea jipu wiki ileile. Wapi? Kalio la kushoto. Lilianza kama kipele nikalidharau, kufikia siku ya safari limeiva, linadunda lenyewe kama lina moyo wake. Damasi akasema tuahirishe. Nikamwambia wewe, watu wameshachinja kuku, nitaahirisha kwa sababu ya kalio? Tukapanda pikipiki yake, na kabla hata hatujafika Chiungutwa mimi nilikuwa nimesimama kwenye vikanyagio kama mcheza sarakasi, suti imejaa vumbi, watu barabarani wananipungia mkono wakidhani nina furaha.

Tulipofika, wenyeji wametandika mikeka, viti vimepangwa, shikamoo, marahaba, karibuni, kaeni. Damasi akakaa. Mimi nikabaki wima.

"Kijana, kaa," Mjomba Hilari akasema.

Hapo ndipo ningesema tu, mjomba, nina jipu, samahani. Watu wangecheka kidogo, wangenipa pole, basi. Lakini mama yake Esta alikuwa palepale, na mkwe utamtajiaje kalio? Nikafungua mdomo nikasema, "Mimi ni kinyozi, mjomba, nimezoea kusimama. Nikikaa sijisikii vizuri."

Mjomba akanitazama. Akasema, "Aa."

Hiyo "aa" yake ilinitoa jasho. Nikasimama salamu zote, nikasimama sala, na chakula kilipoletwa (ugali wa muhogo, kuku, na kisamvu cha karanga) ikabidi nikae mkekani na wenzangu, nikajiegemeza kalio la kulia, mguu mmoja huku, mwingine kule, nikala hivyo hivyo. Kisamvu kilikuwa na chumvi, ndugu zangu, chumvi ya kuhifadhia nyama. Nikasema "kitamu sana, mama" nikaongeza tena. Halafu Mjomba Hilari, kwa wema kabisa, akaona nimekaa upande, akanishika mabega akasema "kaa vizuri, mwanangu, hapa ni kwenu," akanikandamiza chini.

Sikupiga kelele. Ila tonge lilinitoka mdomoni na machozi yakaanza kutiririka yenyewe. Mjomba akauliza, "Unaumwa?" Nikasema, "Kidogo tu." Damasi, msaliti yule, akasema, "Ana jipu, mjomba. Kubwa."

Basi mjomba akainuka, twende zahanati, si mbali. Na mnajua watu wetu, mgonjwa hapelekwi na mtu mmoja, wala mgeni haachwi augue peke yake. Mjomba akatangulia, Damasi nyuma yangu, mama yake Esta na khanga yake, shangazi wawili, majirani, Esta mwenyewe, mikeka ikakunjwa ikabebwa. Posa nzima ikahamia zahanati. Wakatandika uani, nje ya chumba cha kufungia vidonda, kikao kikaendelea bila mimi.

Ndani niliingia na mjomba tu. Sista akanilaza kifudifudi, akaangalia, akasema "Uuu!" (muuguzi akisema uuu, ujue hali si nzuri). Halafu akaonyesha karatasi ukutani yenye nyuso zilizochorwa, ya kwanza inacheka, ya mwisho inabubujikwa na machozi, na namba chini yake.

"Kaka, nipe namba ya maumivu yako. Sifuri ni huumwi kabisa, kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria."

Ukweli, nilikuwa nane. Nane nzima. Lakini nikageuza shingo nikamwona Mjomba Hilari amesimama mikono nyuma, na akasema taratibu, si kwangu, kwa ukuta, "Sisi jandoni hatukuulizwa namba."

Nikasema, "Tano, Sista."

Mjomba akakohoa.

"Tatu," nikasema.

Mjomba akavuta pumzi.

"Sista, weka moja. Au basi, sifuri." Yaani nilikuwa najishusha mwenyewe kama muuza nyanya jioni, na hakuna aliyeniomba punguzo.

Sista akauliza, "Sifuri? Una hakika? Maana ganzi imebaki kidogo, na hapo nje kuna bibi amejikata na panga, anahitaji kushonwa. Kama wewe huumwi, nimpe yeye."

"Mpe bibi, Sista," nikasema, tena kwa sauti ya kishujaa, ili hata wa uani wasikie. Na wakasikia, maana nilisikia shangazi mmoja akisema, "Esta, umepata mwanaume." Mjomba naye akatikisa kichwa, kuonyesha ameridhika. Jamani, nilijiona mtu.

Bibi akachomwa ganzi yake, akashonwa, akawekwa kwenye benchi, ametulia anakunywa chai. Halafu Sista akarudi kwangu na kile kisu chake kidogo.

Sijui niwaelezeje. Alipogusa tu nikasema "nne" kwa sauti ndogo. Alipopasua nikasema "saba." Halafu akaanza kukamua, na mimi nikasahau mjomba, nikasahau jando, nikasahau jina langu, nikaanza kupiga kelele, "Tisa! Sista, tisa! Kumi! Futa sifuri, andika kumi! Kumi na moja! Kumi na nne! Mamaaa, kumi na nne!" Sista anasema tulia, mwisho ni kumi, mimi nikachomoka kitandani, suruali iko magotini, nikapita kwenye pazia nalo likanivaa kichwani, nikakimbia hatua fupi fupi kama bata, na nilipolitoa pazia usoni nilikuwa nimesimama katikati ya mkeka wa posa.

Mama mkwe alijifunika khanga uso mzima akasema "Yesu wangu!" Shangazi waligeukia ukuta. Esta hakugeuka, alikuwa ameanguka chini kwa kicheko. Na yule bibi wa benchi akaniambia kwa upole, "Pole mjukuu wangu. Mbona mimi sijasikia kitu?"

Nikarudishwa. Mjomba akanishika miguu mwenyewe, Damasi mikono, kazi ikaisha.

Tuliporudi nyumbani nililazwa kifudifudi mkekani, kikao kikafanyika juu yangu. Mjomba Hilari akasema, "Huyu kijana kaniongopea mara mbili mchana mmoja. Kasema anapenda kusimama. Kasema haumwi. Kesho ndani kwake hakuna unga, atatuambia upo. Binti yetu anaumwa, atasema mzima. Mtu wa hivyo nitamkabidhije mtoto wa dada yangu?"

Nikaona Esta anaondoka hivi hivi, kwa ajili ya jipu. Moyo uliniuma kuliko kile kisu. Nikasema, "Mjomba, nilikuona, nikaona haya. Nisamehe. Niulize chochote, sitaongopa tena."

Akasema, "Haya. Kwa namba kama zile za Sista, ila hapa kumi ndiyo tamu kabisa. Kisamvu cha mchana, ngapi?"

Mama mkwe yuko mlangoni. Damasi ananifinya mguu, ananifinya kweli. Nikafumba macho.

"Nne, mjomba. Chumvi."

Mara nikasikia sauti ambayo sikuitegemea, Mjomba Hilari anacheka, anacheka mpaka anashika mbavu. "Mimi nilikipa mbili!" akasema. "Mchana kutwa nakunywa maji!" Mama mkwe naye akacheka, "Hata mimi nilisema chumvi imezidi, hakunisikiliza." Mjomba akapiga mkeka kwa kiganja: posa imepokelewa.

Nami nikainua kichwa kwa furaha, nimtafute Esta tushangilie. Jikoni sufuria likatupwa. Kumbe kisamvu alipika yeye.

Esta alibaki kwao, nikapiga simu wiki nzima hapokei. Alipopokea alisema maneno machache tu: "Mjomba amekukubali. Mimi bado." Akakata.

Jumamosi hii napanda tena Newala kumwomba msamaha, na nimeambiwa anapika mwenyewe. Kalio limepona. Nitakaa chini vizuri, nitakula, nitaomba kuongezewa, na yeyote atakayeniuliza namba, awe mjomba, awe Sista, awe nani, nitajifanya kiziwi. Chumvi iwe itakavyokuwa.