Damu Kwenye Shati

Enzi za Mwingereza nilifua na kupiga pasi kwa mjane mmoja wa Kizungu kule Themi, mtaa wa Wazungu mjini. Kila asubuhi nilishuka kutoka migombani kwetu, mlimani Meru. Siku moja alitupa kitabu kilicholowa mvua, kurasa za mwisho zimechanika. Nikakiomba, akanipa.

Kilikuwa cha upelelezi. Mwigizaji maarufu anachomwa kisu jukwaani, watu wanapiga makofi wakidhani ni mchezo. Mimi jukwaa sikuwahi kuliona, na Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya misheni, cha kusalimia tu. Nikaazima kamusi kwa mwalimu. Nilisoma ukurasa mmoja kwa siku, maharage yakichemka.

Mume wangu alicheka. "Mama watoto, kitabu hakina mwisho, unakihangaikia nini?"

"Mwisho nitautafuta mwenyewe."

Nilianza wakati wa masika, nikamaliza kahawa zimeshaiva. Kulikuwa na mzee aliyemvalisha yule mwigizaji nguo zake. Alimwambia mpelelezi kwamba alimwinua marehemu, shati lake yeye mzee likatapakaa damu, akalichemsha papo hapo likatakata. Mpelelezi akaamini. Mimi nikafunga kitabu. Damu ukiitia maji ya moto inaganda kwenye kitambaa, haitoki tena. Shati lile safi lilikuwa jingine, aliloliandaa mapema. Alijua damu itamwagika.

Kesho yake nikamwambia mjane, "Memsahibu, muuaji ni yule mzee wa nguo."

Akaweka kikombe chini. "Umekisoma?"

"Chote kilichobaki." Nikamweleza habari ya shati.

Akasema, "Ni yeye kweli. Lakini mpelelezi alimkamata kwa sababu ya ufunguo. Hilo la maji ya moto halimo kitabuni."

"Basi aliyekiandika hajawahi kufua."

Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikaona hapo ndipo pa kusemea. Wazungu walikuwa na ukumbi wao wa maigizo mjini, naye alikuwa mwanachama.

"Nataka kuona jukwaa."

"Watu wenu hawaruhusiwi kuingia," akasema, macho chini.

"Nguo za waigizaji anazipiga pasi nani?"

Akasema ataniulizia kazi hiyo. Wiki iliyofuata nikaingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, pasi ya mkaa mkononi. Hapakuwa na mtu. Nikaiweka pasi juu ya jiwe, nikapanda ngazi tatu za jukwaani. Mbao zililia chini ya miguu yangu. Nikasimama katikati, nikavitazama viti vyote vitupu, wala sikuharakisha kushuka.