Jini Lililoogopa Maji ya Udhu

Ukimkuta Dauda kwenye kibanda chake cha kusuka mota, kule upande wa viwandani Mbale, atakuambia hakuna umeme uliowahi kumdanganya. Mwache aseme. Upo mmoja uliomdanganya, tena alikuwa akilala nao kitanda kimoja.

Mkewe Twaibah, binti wa Kinubi kutoka Jinja, alikuwa na moyo wenye wazimu wake. Anachambua mchele, hana hili wala lile, mara moyo unashika mbio, shingo inadunda, pumzi zinakuwa fupi. Unakwenda hivyo mpaka adhana ya alasiri imwinue kutia udhu. Akijimwagia usoni maji ya pipa la uani, ya baridi ya kutoka mlimani, mbio zinakatika ghafla. Anapiga mbweu, anacheka, anakwenda kuswali.

Nyumba yenye akili ingesema alhamdulillahi. Nyumba ya Dauda ilikuwa na dada yake Sofia, mwanamke mwenye kipaji cha kuona jini hata kwenye birika la chai.

"Kaka, hebu niambie. Kitu gani kinakimbia udhu?"

"Shetani."

"Na hiyo mbweu? Si ndiyo mlango anaotokea?"

Basi mtu asiyegusa waya bila kuupima akamwacha mke bila kumpima. Na hakumwachia chumbani, la. Aliinuka kwenye maulidi, mtaani Nabuyonga, watu wamezunguka sinia za pilau, akatangaza kwamba yeye halali na majini. "Ni moyo wangu tu, jamani," alisema Twaibah. Watu wakamtazama kama mbuzi anayesoma gazeti. Akarudi kwa mama yake Jinja, eda ikaisha, na hakuna aliyemfuata.

Miaka ikapita. Mwaka jana, Dauda akiwa ameinamia mota ya kinu cha mahindi, moyo wake mwenyewe ukashika mbio. Alijua mara moja: mgeni amebadilisha nyumba. Akamkwepa Sofia, akajikokota hadi kliniki moja ya Malukhu. Daktari Norah akambandika nyaya kifuani, akatazama karatasi, akaagiza beseni la maji na barafu.

"Ssebo, bwana, weka sura kwa maji. Yote. Shika pumzi."

Dauda akazama. Alipoinua kichwa, moyo ulikuwa umetulia, na mbweu ikamtoka.

"Limetoka!" akapiga kelele.

"Nini imetoka?"

"Jini, daktari!"

Norah alicheka hadi akatafuta kiti. Kisha akamweleza, kwa Kiswahili chake cha Kimasaba. "Umeme wa moyo wako ulipata njia ya duara, unazunguka tu. Maji baridi ikigusa sura, ubongo inatuma habari kwa neva moja ndefu, mpaka moyoni. Huko mwisho, neva inamwaga kemikali, inaitwa asetilikolini. Hiyo inafungua vilango kwa seli za moyo, potasiamu inatoka nje na chaji yake. Seli inakuwa nzito kuwaka. Umeme ukifika pale katikati, unakuta njia imelala. Mzunguko unakatika."

"Kama breka inavyokata shoti," alisema Dauda taratibu.

"Eeh, sasa umeelewa. Mbona unalia?"

Alimkuta Twaibah Jinja, uani kwa mama yake, akisuka kikapu. Dauda akaeleza yote kwa mikono miwili, akionyesha picha ya ile karatasi kwenye simu.

"Kwa hiyo mimi sina jini."

"Huna, Twaibah. Ni potasiamu."

"Na potasiamu hiyo unakuja kuninong'onezea hapa uani? Jini ulinipa kwa sauti kubwa, bwana. Nenda ukaniondolee pale pale uliponipachika."

Akaenda. Maulidi yaliyofuata akasimama mbele ya sinia, akasema ya neva na ya vilango. Lile neno la asetilikolini lilimkaa mdomoni kama mfupa.

"Bwana Dauda," aliuliza mzee Asuman, shavu limejaa nyama, "huyo Asetili ni wa baharini au wa nchi kavu?"

Watu wakaangua kicheko. Sofia akajifunika uso kwa mtandio. "Limehamia kwake, maskini." Walioketi karibu na Dauda wakavuta sinia upande wao.

Alirudi Jinja.

"Nimesema."

"Wakakuamini?"

"Hapana."

"Walikutazamaje?"

"Kama walivyokutazama wewe."

Twaibah alivuta ukindu, akakaza fundo.

"Basi."

"Basi nini? Nije na wazee? Tufunge upya?"

"Sikusema nitarudi, Dauda. Nilitaka tu upaone pale palivyo, ukiwa umesimama peke yako."

Akamletea chai, kwa kuwa mgeni hanyimwi chai. Dauda aliinywa kidogo kidogo, akiichelewesha, mpaka ikapoa kabisa. Twaibah akakichukua kikombe, akaenda kukiosha.