Maji ya Kujengea Baraza ya Chifu

Ninyi vijana mnaosema kodi haiwahusu, kaeni niwaambie. Mimi sikusoma sana, lakini pamba nililima. Hapa Buteba, miaka ile ya uhuru, kodi ya kichwa ililipwa na wanaume. Askari wakija kuuliza tikiti ya kodi, wasiolipa walivuka mpaka wakalala kwa wakwe zao upande wa Kenya. Mume wangu hakuvuka. Pamba niliyopalilia mimi ndiyo ilimlipia.

Maji tulichota kwenye kinamasi, pamoja na ng'ombe. Watoto waliharisha kila mvua zikianza. Mimi nilikuwa nimezika mmoja. Basi gombolola, yaani ofisi ya chifu wetu, ikaahidi kutujengea kisima kwa kodi yetu. Lori la simiti kutoka Tororo likakwama matopeni karibu na kwangu. Sisi wanawake tukashusha mifuko, tukasukuma lori, tukapakia tena. Mfuko mmoja ulipasuka, nikaushona kwa kamba ya katani.

Kisima hatukukiona. Tukaitwa na mke wa chifu. Kwetu mtu akijenga, wanawake wa jirani humpelekea maji ya kujengea, bila malipo. Tukafika na mitungi kichwani. Fundi anangoja maji aanze baraza ya mbele ya nyumba ya chifu, na kando yake mifuko ya simiti, mmoja una mshono wangu.

"Mzee," nikamwambia chifu, "hii ni simiti ya kisima."

Akacheka. "Mama, tangu lini mwanamke akalipa kodi? Lete maji."

"Pamba yangu ndiyo ililipa. Na maji haya ni yangu pia."

Wifi yangu akanivuta leso. "Nyamaza, atamfunga kaka yangu!"

"Amfunge kwa kosa gani? Tikiti anayo."

Nikageuka na mtungi wangu. Wenzangu wakanifuata. Fundi akabaki na sepetu kavu. Mke wa chifu alijaribu kuchota mwenyewe siku moja, akarudi analia na shingo. Wiki haikuisha, mifuko ikapelekwa kisimani, na fundi nyuma yake. Maji ya kazi ile tuliyabeba tukiimba.

Msimu wa kodi uliofuata, nikamkuta shemeji yangu anafunga shuka lake avuke mpaka.

"Shemeji, kisima si kimeshajengwa? Nilipe nini tena?" akaniuliza.

Nikaita boma lote, wake kwa waume. Nikasema: "Wewe kesho unauza mbuzi, unalipa. Na kuanzia leo, mwanamume wa boma hili asiye na tikiti asipewe hata maji ya kuoga."