Kilio cha Mwanasesere wa Kofia ya Kijani

Ukinikuta mtaani kwetu Mulongwe, ukasikia mtu ananiuliza kwa sauti, "Mama Faida, mutoto wa plastiki aliamukaka?", tafadhali usicheke kabla hujanisikiliza, kwa sababu aibu ile niliitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu, tena kwa kofia moja ndogo ya kufuma.

Mimi ni muuguzi. Nafundisha wenzangu wa chumba cha dharura, katika hospitali moja ya hapa Uvira, namna ya kumwokoa mtoto aliyeacha kupumua na namna ya kumlinda mtoto ambaye huenda anaumizwa nyumbani. Naipenda kazi hii. Napenda kumwona mtu aliyekuja asubuhi hajui aanzie wapi akiondoka jioni anajua kwamba kichwa cha mtoto mchanga hakivutwi nyuma kama cha mtu mzima, pua itazame dari, basi, na kwamba pumzi tano za kwanza hupulizwa polepole, mpaka uone kifua kinapanda.

Mwanasesere wetu wa mafunzo ni mmoja tu, ukubwa wake kama mtoto wa miezi michache, na ukimkandamiza kifua sawasawa anatoa mlio: tak! Hana nguo. Asubuhi ile nikamwangalia nikawaza, watu wanamshika kama mche wa sabuni, nikimvalisha watamshika kama mtoto. Wazo zuri, sivyo? Nikafungua sanduku langu nikatoa koti dogo na kofia ya kijani ya Asifiwe.

(Asifiwe ni mjukuu wangu. Binti yangu Faida alipanda naye boti pale Kalundu kwenda Kalemie, kwa sababu ya kazi ya mumewe, mtoto akiwa na miezi saba, na sasa anakaribia miaka miwili. Siku ile bandarini kulikuwa na joto, Faida akamvua kofia, ikabaki mkononi mwangu, boti ikaondoka. Kila Faida akipiga simu kuniuliza kama sioni upweke, namjibu, "Upweke gani? Minye niko na kazi." Kofia nainusa Jumapili nikitoka kanisani. Hilo sikuwa nimemwambia mtu.)

Zoezi tulilifanyia ndani ya chumba chenyewe cha dharura, saa ambayo wagonjwa ni wachache, ili kila mtu ajue mfuko wa kupumulisha unaning'inia wapi kweli. Simu zote tulizizima tukaziweka katika beseni mlangoni, yangu ya kwanza, maana sheria hiyo niliiweka mimi. Dirisha la chumba linatazama uani, wanakosubiri wagonjwa na ndugu zao, na kila mara huwa natoka kwanza kuwaeleza kwamba watakayoyasikia ni mazoezi. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa. Nikasema, ah, ni dakika chache.

Mimi niliigiza bibi, koko kama tunavyosema hapa kwetu. Karatasi yangu ilisema mtoto anaitwa Musa, mama yake yuko sokoni, bibi anajibu kwa mkato. Nikaingia mbio.

"Mutoto hapumue! Munisaidie!"

Alinipokea Riziki, muuguzi kijana ambaye siku mbili kabla aliogopa hata kumgusa mwanasesere. Akamlaza, akaita wenzake, akanyoosha kichwa, akatazama kifua, akapuliza pumzi tano, kisha vidole gumba viwili: tak, tak, tak. Nilitaka kupiga makofi! Mwenzake akampokea kukandamiza ili apate kunigeukia, na Riziki akafanya nilivyomfundisha: akainama tuangaliane, bila kunilaumu, akanishika mkono.

"Koko, pole sana. Tuko tunamusaidia. Mutoto anaitwa nani?"

Karatasi ilisema Musa.

"Asifiwe," nikasema.

"Na weye ni nani wake?"

"Koko yake."

"Mama yake iko wapi?"

"Alienda na boti."

"Nani anakaaka na weye ku nyumba?"

"Hakuna mutu," nikasema, na hapo nikalia, si kilio cha kuigiza, ni kile cha makamasi, nikaita jina la mtoto mpaka Riziki akaniangalia kwa mshangao (baadaye aliniambia alidhani mimi ni mwigizaji hodari). Mwanasesere "akapumua", tukapiga makofi, tukakaa saa nzima kujadili nani alifanya nini, na chai na mandazi.

Kumbe uani alikuwepo Mama Sifa, jirani yangu wa mlango kwa mlango, aliyekuja na mguu wake uliovimba. Mama Sifa ndiye aliyeifuma kofia ile. Dirishani aliona kofia yake katikati ya wauguzi, akanisikia nikiliita jina, akaondoka na pikipiki bila kutibiwa mguu. (Kwa macho yake mtoto hakuwa amekua tangu siku ile ya bandarini. Kwa macho yangu pia, nisidanganye.)

Mimi nikaichukua simu yangu, nikaiwasha na kuitupa mkobani bila kuiangalia. Zipu ya mfuko wa mwanasesere ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nikambeba mgongoni kwa kitenge, na kofia yake, nikashika njia kwa miguu. Watu wakawa wananipisha. Mzee mmoja akavua kofia. Nami nikawasalimia wote kwa furaha, maana mafunzo yalikuwa yamekwenda vizuri.

Nyumbani nikakuta turubai limefungwa, viti vya kanisa vimepangwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na sufuria kubwa iko motoni. Mama Sifa akanikimbilia akichechemea.

"Yoo, Mama Faida! Unamubeba mwenyewe! Hawakukupatia hata gari?"

Kabla sijafungua kinywa amekwisha kumfungua mgongoni kwangu, kamkumbatia kifuani kwa nguvu.

Tak!

Mama Sifa akamshusha, akamtazama usoni.

"Ni pupe," nikasema. "Ni pupe ya formasio, mwanasesere ya kufundishia."

"Nimelia tangu saa ine juu ya plastiki?" akasema mwanamke mmoja mikekani, na wengine wakaanza kucheka, wengine kukasirika. Mama Sifa hakucheka.

"Tulizania Faida amekutumia mutoto, weye unatuficha. Na ile machozi ya ku ospitali? Nayo ilikuwa ya plastiki?"

Simu ikalia mkobani. Faida.

"Mama, watu wananipigia wananipa pole ya Asifiwe. Asifiwe iko hapa anakula ndizi! Huko kunapita nini?"

Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu: mwanasesere, kofia, dirisha, Mama Sifa.

"Na wanasema ulisema ati hauna mutu ku nyumba."

"Ilikuwa zoezi."

"Mama."

"Faida."

"Ilikuwa zoezi?"

Mikeka yote ilikuwa inasikiliza. "Hapana," nikasema.

Nikasikia kitu kinakwaruza, halafu pumzi, karibu kabisa, nzito kidogo kwa ajili ya ndizi. Nikainua mkono, na waombolezaji wote wakatulia. Nafundisha watu kwamba pumzi ya mtoto inasikilizwa kwa sekunde zisizozidi kumi. Nilizidisha.

"Nani?" mtoto akauliza.

Hakusema koko. Alisema nani.

Chakula cha kilio tulikila, kisingetupwa. Tangu siku hiyo sianzi zoezi kabla sijatoka uani kuwaeleza watu, na dirisha lile tumeliwekea pazia, maana habari ya mtoto si ya kusikiwa na kila anayepita, na hilo nilikuwa nalifundisha mwenyewe. Mwanasesere nimemshonea gauni la shuka la hospitali, na nguo ya mtoto wa mtu sitamvalisha tena. Likizo nimeomba, nitapanda boti Kalundu kiangazi hiki.

Juzi Mama Sifa alikuja na sindano zake na uzi wa kijani.

"Kichwa yake imefika wapi?"

Vipimo vya kichwa cha mtoto wa miaka miwili nimevifundisha mpaka navijua kwa moyo. Nikafungua mikono hewani, nikaikaribisha, nikaifungua tena.

"Munganga muzima, haujue?"

"Sijui, Mama Sifa."

"Basi nafuma yenye kuvutika," akasema, akakaa karibu nami, akaanza.